Mapitio ya masomo ya sauti juu ya Mungu anayewainua wanyonge

Mfululizo huu wa masomo ya sauti, unaohusu jinsi Mungu anavyowatia nguvu wanyonge na kuwashusha wenye enzi katika Maandiko ya Kiebrania, nimeusikiliza wote mara mbili, na somo la wimbo wa Hana nimelirudia mara nne, kwa kuwa hilo peke yake linatosha kumfanya mnunuzi asijutie fedha yake.

Mwalimu anaanzia Shilo, mahali pa ibada pa Waisraeli, ambako Hana, mwanamke asiye na mtoto, aliyechokozwa na mke mwenzake Penina mwaka baada ya mwaka, anaomba huku midomo ikicheza bila sauti kusikika, hata kuhani Eli anadhani amelewa. Kisha mwalimu anafika kwenye wimbo wenyewe, 1 Samweli 2:4, ambapo tafsiri niliyoizoea tangu utotoni husema kwamba waliojikwaa "wamefungiwa nguvu". Kwa miaka mingi nilielewa kana kwamba nguvu hizo zimewekwa chini ya kufuli. Mwalimu anaeleza kwa utulivu kwamba kitenzi cha Kiebrania, azar, ni kufunga mshipi kiunoni, kama afanyavyo askari anayekwenda vitani, ilhali katika mstari huohuo pinde za mashujaa zimekwisha kuvunjika. Hapo nilisimamisha sauti, nikausoma wimbo wote upya.

Somo la Nebukadreza, mfalme aliyekula majani kama ng'ombe, linasikilizika vizuri ila halina jipya.

Lililonisikitisha ni somo la Gideoni, mwamuzi aliyeongoza vita vya Israeli. Linaonyesha vyema jinsi watu 32,000 walivyopunguzwa hadi 10,000, kisha hadi 300, ili Israeli wasijisifu kwamba wamejiokoa kwa mkono wao wenyewe, lakini linakomea kwenye ushindi. Waamuzi 8 inaendelea kusimulia jinsi mtu huyohuyo, aliyejiita mdogo katika nyumba ya baba yake, alivyopokea shekeli 1,700 za dhahabu akatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, ikawa mtego kwake na kwa nyumba yake. Sauli naye, mfalme wa kwanza wa Israeli, aliyetoka Benyamini, kabila dogo, kisha akakataliwa na Mungu, anatajwa kwa sentensi mbili tu. Kwangu mimi uzito wa jambo lenyewe uko hapo, kwa sababu Maandiko hayampi mnyonge kinga ya kudumu: akishainuliwa, anapimwa kwa mizani ileile iliyompima Farao.

Atakayeununua mfululizo huu namshauri asome Waamuzi 6 hadi 8 kwanza, ndipo alifungue somo la Gideoni.