Nimefunga AC Njombe, na siyo ya kupooza

Fundi alipouliza nyumba iko wapi nikamjibu Njombe, Mji Mwema. Simu ikawa kimya kidogo, kisha akasema, "Dada, AC ya nini huko? Mnataka kugandisha nyama?"

Sikumlaumu. Julai hapa kwetu ukitoka nje alfajiri unaongea huku mvuke unatoka mdomoni, na watu wazima wanaota moto jikoni mpaka saa nne asubuhi. Lakini mimi sikutaka baridi. Nilikuwa na mtoto wa wiki tatu ndani, na nilikuwa nimeapa jiko la mkaa halitalala tena chumbani kwangu.

Kwetu mzazi hukaa na moto. Mama alipokuja kutoka kijijini kunitunza kwenye arobaini, kitu cha kwanza kushushwa kwenye Noah, kabla hata ya kuku, kilikuwa gunia la mkaa wa miwati. Jioni jiko linawashwa nje, likishika vizuri na moshi ukiisha linaingizwa chumbani, mlango unafungwa. Usiku wa nne niliamka kunyonyesha, kichwa kinagonga kama kuna mtu anatwanga ndani yake. Nikasimama, magoti yakakataa. Mtoto naye nilimtikisa mara mbili ndipo akafungua macho. Baba Neema alifungua madirisha yote, tukaondoka na blanketi mabegani kwenda hospitali. Muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mnalala na jiko?"

Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya watu. Ukiungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Unalala, humsumbui mtu. Tulirudi salama, Mungu ni mwema, na jiko likahamia barazani.

Tukaazima hita ya umeme, ile ya wati 2,000 yenye nondo zinazowaka nyekundu. Inapasha, sikatai. Lakini nilisoma luku kabla ya kulala na baada ya kuamka: usiku mmoja umekula uniti 13. Kwa bei ninayolipa, kama shilingi 356 kwa uniti kodi na makato yakiwemo, hiyo ni zaidi ya 4,600 kwa kulala tu. Na ukikaa mbele yake upande mmoja unaiva, mgongoni bado ni Julai.

Shemeji yangu aliyesoma ufundi wa majokofu ndiye aliyenieleza habari ya pampu ya joto, yaani AC inayoweza kupasha chumba pia. Mwanzoni nilidhani ananitania. Alinishika mkono akauweka nyuma ya friji. Pakavu, pa moto. "Hilo joto limetoka kwenye maziwa yako na nyama yako," akasema. "Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Sasa chukulia uani ndiyo ndani ya friji, na chumba chako ndiyo huku nyuma."

Ndivyo inavyofanya kazi. Ile mashine ya nje ina gesi ambayo huchemka kwenye baridi kali; yangu ni R32, inayochemka kwenye nyuzi 52 hivi chini ya sifuri. Kwake yeye, hewa ya Njombe ya nyuzi 5 ni kama jiko. Inachukua joto la hewa hiyo, kompresa inaikandamiza gesi hiyo mpaka inakuwa ya moto, inaingia ndani na kuliachia joto chumbani, kisha inarudi nje kuchukua jingine. Umeme unalipia kuhamisha, siyo kutengeneza. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti tatu za joto au zaidi. Norwei, nchi ya theluji, zaidi ya nusu ya nyumba zinatumia kitu hiki. Na viwanda hupima uwezo wa kupasha wa mashine hizi hewa ya nje ikiwa nyuzi 7. Nilipolisikia hilo nilicheka, maana nyuzi 7 ni usiku wetu wa kawaida kabisa mwezi wa saba.

Sasa sikiliza sehemu iliyoniuma. AC nyingi zinazouzwa nchini ni za kupooza tu, kwa sababu wanunuzi wengi wako kwenye joto. Niliagiza Dar kwa simu, muuzaji akaniapia ina joto. "Dada, angalia rimoti, kuna alama ya jua." Kweli, jua lilikuwepo. Mzigo ukapanda basi, ukafika, tukauwasha kwanza chini sebuleni kabla ya kutoboa ukuta, wazo la shemeji na namshukuru mpaka leo. Nikabonyeza jua. Feni ikapuliza hewa ileile ya chumba, dakika ishirini, hakuna kitu. Kumbe kiwanda kinatengeneza rimoti moja kwa mashine za aina mbili, na jua kwenye rimoti halithibitishi chochote. Cha kuangalia ni kibandiko cha mashine yenyewe: lazima kiwe na mistari miwili ya uwezo, mmoja wa kupooza na mmoja wa kupasha. Kama wa kupasha haupo, mashine haina valvu ya kugeuza mzunguko wa gesi, na hakuna fundi atakayekuwekea kwa maneno. Mwambie muuzaji apige picha ya kibandiko akutumie kabla hujalipa. Mimi nilirudisha kwa gharama yangu, nikaongeza hela, nikapata ya kweli: inveta, ile inayopunguza na kuongeza mwendo yenyewe badala ya kuzima na kuwaka, ya BTU 12,000 (BTU ndicho kipimo cha nguvu ya AC), jumla shilingi 1,350,000, na ufungaji 200,000. Chumba cha meta nne kwa nne kingetosheka na BTU 9,000, lakini hapa tuko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mashine haitoi nguvu yote iliyoandikwa. Nilitaka nafasi ya ziada.

Fundi alikuja, kijana mstaarabu, kazi yake safi. Ila mkono wake umezoea pwani. Bomba la kutolea maji aliliweka la ndani tu. Kwenye kupasha ni kinyume: maji yanadondoka kwenye mashine ya nje, na ya kwangu aliifunga juu kidogo ya njia ya kwenda chooni. Asubuhi ya pili Mama aliteleza akakaa chini na ndoo yake. Hakuumia, lakini lawama nilizisikia kwa Kibena, na Kibena cha lawama ni kirefu. Fundi akarudi kuweka trei na bomba bila kudai hela.

Usiku wa kwanza kipimajoto changu kidogo, nilichokiweka karibu na kitanda cha mtoto, kilianzia nyuzi 13. Niliweka rimoti 21. Baada ya kama dakika hamsini kilisoma 19, na hapo kikagota. Mashine iko juu ukutani na inapima joto la huko juu, hewa ya moto inapenda dari. Niligeuza mapezi yaelekee chini, nikapandisha hadi 23, kitandani nikapata 20 na ushee. Usitegemee kuota kama unavyoota moto. Hakuna kitu cha kunyooshea viganja. Unakuja kugundua tu saa nane za usiku kwamba umelala mguu mmoja nje ya blanketi.

Umeme: usiku wa kwanza uniti 6, maana kuta zenyewe zilikuwa za baridi. Baada ya hapo kati ya 4 na 5, saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa nimeshatoa makadirio ya friji. Kwa mwezi ni kama uniti 135, elfu 48 hivi. Ni hela, sisemi ni bure. Lakini ni theluthi ya ile hita. Kama wewe uko kwenye ile bei ya wateja wadogo ya shilingi 100, jua kwamba mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, na mashine hii itakutoa huko kabla mwezi haujafika katikati.

Nusu ya kazi, lakini, haikufanywa na mashine. Nyumba zetu zinavuja. Juu ya kila dirisha kuna matundu ya hewa, mlango una uwazi wa vidole viwili chini, na juu ya dari ya jipsamu ni bati tupu. Nilibandika sponji za milango, nikashona pazia zito, nikatandika zulia kwenye sakafu ya vigae. Uniti zikashuka kutoka 5 kwenda 4 na kitu. Tundu moja nililiacha wazi makusudi, watu watatu tunapumua humo. Na tafadhali, ukishaziba chumba namna hiyo jiko la mkaa lisikanyage tena mle, hata kwa dakika tano umeme ukikatika.

Maana umeme unakatika. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Mwezi wa saba ulikatika usiku mara tatu, na saa kumi alfajiri chumba kilikuwa kimesharudi 16. Siku hizi nina chupa mbili za mpira za maji ya moto na chai kwenye chupa tayari. Umeme nao ukirudi huwa unarudi kwa kishindo, kwa hiyo stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, siyo hiari. Hewa pia inakauka. Mtoto alianza kuziba pua, nikawa naanika taulo bichi kwenye kiti, ikaisha.

Kuna jambo jingine hakuna aliyeniambia. Siku za ukungu na manyunyu, mashine ya nje inaota barafu kwenye mapezi yake. Basi kila baada ya muda inasimama, inageuza mzunguko kwa dakika chache ili kuyeyusha, na ndani hakupulizwi kitu. Nje unapanda mvuke mweupe kama sufuria ya maharage imefunuliwa. Jirani yetu alituamshia mlango saa kumi na moja alfajiri, "Mama Neema, mashine inaungua!" Tulisimama pale na kanga kichwani tukiangalia mpaka ikamaliza, ikanguruma, ikaendelea.

Kuhusu usafi, chujio za ndani nazisafisha kila wiki mbili kwa maji ya bomba. Dakika kumi.

Kaka yangu wa Makete ameuliza kama anunue. Nilimjibu aniambie kwanza luku yake inakaa saa ngapi bila kukatika, na dari anayo au hana. Bado hajajibu, kwa hiyo nadhani jibu ninalo.

Mama hakuwahi kusema ni kitu kizuri. Alichofanya ni kuhamisha godoro lake kutoka chumba cha wageni kuja kwetu, akisema anamwangalia mjukuu. Arobaini ilipoisha alipakia nusu gunia la mkaa lililobaki kwenye Noah, akaondoka nalo. Kule kijijini, alisema, hakuna jua la rimoti.