Git kwenye seva ya RAM ya GB 1: uzoefu wangu

Git, programu inayotunza kila toleo la kodi (maandishi ya programu za kompyuta), natumia kila siku ya kazi, na kwa mtu anayeandika kodi kwenye laptopu yake sina neno baya. Malalamiko yangu ni ya upande wa seva. Ofisi yetu ya watu sita hapa Kijitonyama ilikodi seva ndogo, RAM GB 1, kori (viini vya prosesa) mbili. Bei ndiyo iliyoamua, tusidanganyane. Repo (ghala la mafaili na historia yake yote) ya mradi mkubwa ikahamia huko.

Tabu ilianza mbunifu wetu alipoanza kuingiza mafaili yake ya Photoshop, moja MB 150, jingine 200, na akibadili rangi ya kitufe analiingiza lote upya. Mimi ndiye niliyemfundisha `git add .`, amri inayoingiza kila kilichomo kwenye folda, kwa hiyo lawama nabeba. Siku moja mwenzetu amepata mashine mpya, anavuta repo, inafika `Compressing objects: 34%`, kisha:

`error: pack-objects died of signal 9`

Signal 9 maana yake Git haikufa kifo chake, iliuawa. Nikaingia kwenye seva, nikapiga `dmesg` kuona kumbukumbu za mfumo, na kweli: RAM imeisha, Linux imemchinja aliyekuwa anakula zaidi.

Kijana mmoja ofisini akaniambia, "Kaka, piga `git gc --aggressive`, itapungua yenyewe." Hiyo ni amri ya Git ya kusafisha na kubana repo. Nikapiga. Seva ikaganda, hata kuingia kwa mbali kwa SSH haiwezekani. Baadaye ndiyo nikaelewa. Git inapobana data hulishika kila toleo la faili na kulilinganisha na mengine hadi 10 yaliyo jirani, na yote hayo yanakaa kwenye RAM yakiwa hayajabanwa. Ukiweka `--aggressive`, hao majirani 10 wanakuwa 250. Sasa piga hesabu na mafaili ya MB 200.

Dawa iliyofanya kazi ni mistari minne, ndani ya repo iliyoko kwenye seva:

```
git config pack.windowMemory 64m
git config pack.threads 1
git config pack.deltaCacheSize 32m
git config core.bigFileThreshold 20m
```

Mstari wa kwanza, unaoweka kikomo cha RAM ya kulinganishia matoleo, ulinipotezea siku nzima. Nilianza na 256m, nikajiona nimemaliza, seva ikaanguka tena. Kumbe kikomo hicho ni cha kila uzi (kila kazi inayoendeshwa sambamba na nyingine), na Git ikiachwa yenyewe hufungua nyuzi kwa idadi ya kori. Kori mbili, tayari MB 512. Juu yake kuna kashe ya delta (RAM ya kuhifadhi kwa muda tofauti kati ya matoleo), ambayo usipoigusa inaruhusiwa kufika MB 256 nyingine. Katika GB 1 yenye mfumo wa uendeshaji na vitu vingine, kimebaki nini?

Lakini iliyookoa jahazi hasa ni `bigFileThreshold`, ukubwa ambao faili likiuzidi Git hailitafutii tofauti. Kiwango chake cha kawaida ni MB 512, yaani kila faili la mbunifu wetu lilikuwa chini ya mstari na Git ikahangaika kutafuta tofauti kati ya toleo na toleo. Ukishusha hadi 20m, mafaili makubwa hayalinganishwi tena. Diski italiwa zaidi kidogo, ila diski ni rahisi kuliko RAM.

Halafu nikapiga `git count-objects -vH` kuona repo imekula nafasi gani, nikakuta `size-garbage: 5.71 GiB`. Hayo ni mabaki ya `tmp_pack_`, mafaili ya muda yaliyoachwa kazi ya Git ilipouawa katikati. Nilisubiri usiku ambapo hakuna anayesukuma kodi, nikapiga `git prune` kufuta mabaki, kisha `git repack -a -d` kubana repo upya. Dakika 25 hivi, huku nimefungua `top`, inayoonyesha matumizi ya RAM, pembeni kama mtu anayelinda maziwa jikoni. RAM haikupita nusu. Asubuhi mwenzetu akavuta repo nzima bila kukatika.

Naipa nyota 4. Ya tano nimeinyima kwa sababu ujumbe wa kosa haukukuambia lolote kuhusu RAM, na viwango vyake vya kawaida vinadhani una mashine kubwa.

Mafaili yenyewe bado yamo kwenye historia. Kuyafuta kwenye folda hakusaidii. Lazima historia iandikwe upya na kila mtu avute repo kuanzia mwanzo. Bosi kasema tungoje mteja alipe kwanza.