Seti ya kuogeleshea panya: mitungi safi, kamera sawa, chupa zinavuja

Miaka mitano nimekaa mbele ya mitungi ya maji na saa mkononi: panya akitulia nabonyeza, akianza kupiga miguu naachia. Seti hii ya kujaribia dawa za ugonjwa wa sonona kwa panya ilipofika maabara, mimi ndiye niliyepewa niifungue. Ndani kuna mitungi miwili ya plastiki angavu, kamera, programu ya kuhesabu sekunde za utulivu na chupa 12 za kunyweshea. Nimeitumia miezi minne.

Mitungi haina neno. Inabeba maji ya kina cha sentimita 30, hivyo mkia wa panya mkubwa haugusi chini. Ile yetu ya zamani ilikuwa mifupi, panya anajiegemeza kwa mkia nasi tunaandika "ametulia". Maji yawe nyuzi 23 hadi 25. Yakipoa zaidi, unachopima ni baridi.

Programu nayo inaijua kazi yake ya msingi, ile aliyoieleza mtafiti Porsolt na wenzake mwaka 1977: panya akiona hakuna pa kutokea huacha kuhangaika na kuelea, pua tu ikiwa juu, na akipewa dawa ya sonona kabla ya jaribio huelea muda mfupi zaidi. Nilihesabu kwanza kwa mkono, bila kujua nani kachomwa imipramini, dawa ya sonona, na nani maji ya chumvi yasiyo na dawa, kisha nikailisha programu video zilezile. Tulikubaliana kwa wengi, tukagombana kwa watatu. Wawili walikuwa wanasukumwa na maji tu, yenyewe ikasema wanaogelea. Wa tatu ilikuwa ni mng'ao wa taa. Tandazeni kitambaa chini ya taa mapema, msipoteze siku kama mimi.

Kasoro kubwa ni kwamba kila mwendo kwake ni mwendo. Tangu miaka ya 1990 wengi wetu tunatenganisha kuogelea na kuparamia ukuta, kwa sababu kati ya dawa za sonona, fluoksetini huongeza kuogelea na desipramini huongeza kuparamia. Kamera inayotazama kutoka juu haioni tofauti hiyo, na kishikio chake hakigeuki kutazama ubavuni. Kwa hiyo kwa fluoksetini nimerudi kwenye saa yangu.

Na yule aliyeandika kwenye boksi kwamba kifaa "kinapima kukata tamaa" angekuja akae nami asubuhi moja. Kinapima kutulia. Panya anayeelea pengine anatunza nguvu tu. Kafeini nayo humfanya asitulie, na kafeini si dawa ya sonona. Ndiyo maana lazima umwachie kwanza kwenye sanduku la wazi uone kama dawa haimchangamshi tu. Sanduku hilo halimo kwenye seti.

Sasa chupa, na hapa ndipo nilipokasirika. Tuna panya walio kwenye msongo mdogomdogo wa muda mrefu, ule wa mtafiti Willner: wiki kadhaa za maranda yaliyolowa, kizimba kilichoinamishwa, taa kuwaka usiku kucha, jirani kubadilishwa. Panya wa namna hiyo hupoteza hamu ya maji ya sukari ya asilimia 1, na dawa ikitolewa kwa wiki kadhaa hamu hurudi. Hamu yenyewe tunaijua kwa kupima uzito wa chupa kabla na baada. Maana yake kila tone linalodondoka linaandikwa kuwa limenywewa.

Wiki ya tatu panya wangu wenye msongo walikuwa wanapenda sukari kuliko wasio nao. Nikatundika chupa mbili kwenye kizimba kitupu, moja ya maji, moja ya sukari, nikaenda kulala. Asubuhi kizimba kisicho na panya kilikuwa kimependelea sukari.

Muuzaji alileta mipira mipya ya kuzibia chupa bila ubishi, nampa haki yake. Chupa tisa zimepona. Tatu bado zinadondosha. Nimezipaka alama nyekundu, tunazitumia kwa panya wa kuzalishia.