Uzoefu wangu: mwaka mmoja nauza michoro kwa huduma ya kuprinti kwa oda

Naandika kwa wachoraji wenzangu, maana mi nilipoanza nilitafuta mtu wa kunieleza hii kitu vizuri nikakosa. Nachora kwa rangi za mafuta. Mwaka jana nikajiunga na hizi huduma ambazo wewe unaaplodi picha ya mchoro tu, mteja akinunua wao wanaprinti, wanafungasha na kutuma, wewe unapata sehemu yako. Huweki stoku, hupangi foleni posta, hapo nawapa heko kabisa.

Sasa faili. Mchoro wa kwanza niliupiga kwa simu chini ya balbu ya ndani, mteja akapata printi ya saizi ya A3 imepauka, bluu imekuwa kama kijani, akataka hela yake na alikuwa na haki. Kumbe A3 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 3508 kwa 4961, simu yenyewe ilizifikisha ila mwanga ndo uliniangusha. Weka taa mbili, kila upande moja, pembe ya digrii 45, rangi ya mafuta haitang'aa sana kwenye picha. Halafu jiagizie printi moja kabla hujamtangazia mtu yeyote, tafadhali usiiruke hii.

Hela ni ndogo. Wao wana bei yao ya msingi, wewe unaongeza asilimia yako juu, kinachobaki kwa printi moja hakinunui hata tyubu nzuri ya rangi. Watu wanalalamika galari zinakata mpaka nusu, ni kweli zipo nyingi za hivyo, lakini nusu ya mchoro halisi inazidi printi kibao. Na kwa vile mzigo unatoka kwao moja kwa moja, huwezi kusaini wala kuandika kwa penseli namba ya toleo (yaani hii ni printi ya ngapi kati ya ngapi), na wanaokusanya sanaa wanaijali sana ile saini.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mteja sio wako. Kuna mtu alinunua printi tatu ndani ya miezi miwili, yaani huyo ndo wa kumwonyesha orijino (mchoro wenyewe, sio printi), nikaomba niunganishwe naye wakasema mawasiliano ya wanunuzi hawatoi. Faragha naiheshimu, ila nilikaa na hilo wiki nzima.

Ndo nikafungua fomu ya watu kujiandikisha kwa imeli, linki nikaiweka kila ninapopost mchoro ukiwa bado nusu, maana hapo ndo watu wanauliza maswali mengi. Walijiandikisha 64 tu. Nikawatumia michoro mitano mipya, saizi na bei zimeandikwa wazi, mitatu ikaondoka siku ileile, wakati kwenye mtandao nina wafuasi elfu nne na nikitangaza napata mioyo tu.

Kwa printi naendelea nao, nyota 3 kati ya 5. Orijino nauza mwenyewe, wa imeli wanaziona siku mbili kabla ya wengine wote.