Kifurushi cha siku 7 usiku 6 Unguja: vyumba safi, ratiba haikutazama mwezi

Wakala niliyenunua kwake alipanga hivi: usiku 2 Mji Mkongwe, 2 Jambiani, 2 Nungwi. Ndani yake kuna usafiri, chai ya asubuhi na matembezi matatu: mashamba ya viungo, msitu wa Jozani na kuogelea na samaki kwenye kisiwa kidogo cha Mnemba. Nakipa nyota 3 kati ya 5. Vyumba ni safi na madereva wanafika kwa wakati. Nyota mbili nimezikata kwa sababu aliyeandika ratiba hakutazama mwezi.

Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani zikiwemo, ina maji mafupi mpaka kwenye mwamba. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakipwa hukimbia kilomita nzima au zaidi. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 alasiri. Kila siku nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, hesabu imegeuka: saa 4 asubuhi ndipo maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali sana. Ratiba ilisema "kuogelea Jambiani, saa 4 asubuhi" siku ya mwezi mpevu. Saa hiyo hata magoti hayalowi.

Cha ajabu, saa hiyohiyo ndiyo nzuri kuliko zote kwa anayetaka utamaduni. Bamvua ikipwa ndipo akina mama wa Jambiani, Paje na Bwejuu wanapoingia kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989. Kamba hufungwa kwenye vijiti, mbegu za mwani zikafungwa kwenye kamba, na kazi yote inawahi kabla maji hayajarudi. Tafuta mtembezaji wa kijijini, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na vaa viatu vya mpira kwa sababu ya miiba na mawe makali. Kifurushi hiki hakikuliweka hili kabisa, wakati halihitaji hata gari.

Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, ni habari nyingine: maji yana kina karibu na ufuo, unaogelea karibu saa yoyote. Ila kuna kelele, watu wengi na papasi, yaani vijana wanaokufuata mchangani wakikuuzia safari na bidhaa. Wapitie mafundi wa majahazi Nungwi asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Kosa jingine ni kuunganisha Jambiani na Nungwi moja kwa moja. Hakuna daladala ya kunyoosha. Njia ya kawaida ni kurudi mjini kwa daladala namba 309 kisha kupanda namba 116, na nusu ya siku imekwisha. Kwa teksi unalipia mzunguko uleule. Kwa wiki moja ningechagua pwani moja tu: Nungwi ikiwa tarehe zinaangukia bamvua na unachotaka ni kuogelea, Jambiani kwa maji mafu au kwa ajili ya mwani. Jozani, kwenye kima punju, iko njiani kwenda Jambiani. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yafanye siku ya kwenda Nungwi. Ukiyapanga hivyo hulipii gari mara mbili.

Mji Mkongwe uweke mwisho, si mwanzo. Boti ya saa 1 asubuhi kwenda Dar haimsubiri anayetoka Nungwi. Usichukue chumba chenye chakula cha usiku: Forodhani, bustani inayouza vyakula usiku, iko hapo. Kula urojo na kinachochomwa mbele yako. Pweza na kamba waliopangwa mezani mara nyingi wameshapikwa, wanapashwa moto tu. Uliza bei kabla hujasema ndiyo. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, lipewe saa nzima. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, hivyo wakala akikuahidi kuingia ndani, mwambie athibitishe kwanza.

Kuhusu Mnemba, muulize wakala mambo mawili: ada ya hifadhi imo? Na boti inaondokea wapi? Kwangu ada haikuwemo, ikadaiwa ufukweni. Kusi likivuma, Juni hadi Septemba, ondoka mapema, mawimbi huwa makubwa.

Tarehe: Aprili na Mei ni masika, na hoteli kadhaa hufunga. Ramadhani migahawa mingi ya mjini hufunga mchana, na kula barabarani ni kukosa adabu. Februari, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, vyumba vya mjini huwahiwa. Mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni. Mjini na vijijini funika mabega na magoti.

Wageni kutoka nje ya Tanzania wanatakiwa tangu Oktoba 2024 kununua bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Haikuwemo kwenye bei.