Unanunua TV Mwanza? Anzia kwenye taa, si kwenye herufi za boksi

Ukiingia duka la TV Mtaa wa Rwagasore au Liberty siku hizi, muuzaji haanzi na bei. Anaanza na herufi: LED, QLED, OLED, UHD, 4K, na juu yake dabo glasi. Ukimuuliza tofauti, anakuwekea video ya kasuku na maua mpaka usahau ulichouliza. Mpangilio huu wa aina tano, kuanzia inayofaa zaidi, ni wa mtu wa bajeti ya kawaida, anayeangalia mpira, taarifa ya habari na tamthilia, na ambaye umeme wake haujatulia.

Kwanza tuelewane. LED na QLED zote ni LCD, yaani TV za kioo cha fuwele za kimiminika. Kioo chake hakitoi mwanga hata chembe. Kazi yake ni kuziba au kupitisha mwanga wa taa zilizopangwa nyuma yake. Fuwele za kimiminika zinazofanya kazi hiyo zilionekana mara ya kwanza mwaka 1888, na aliyeziona hakuwa mtu wa umeme. Alikuwa Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliyekuwa akichunguza kemikali ya karoti. Neno LED kwenye boksi linataja aina ya taa za nyuma tu. Na taa hizo ndizo huzima TV nyingi kabla ya wakati wake.

1. LED ya kawaida, inchi 43

Kwa sebule nyingi za Igoma, Buzuruga au Nyegezi, hii inatosha. Chukua Full HD, yaani pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080. 4K ina pikseli mara nne ya hizo, ila matangazo mengi tunayopokea kwenye ving'amuzi hayafiki huko. Ukiipata kwa nyongeza ndogo, chukua, usiikopee hela. Kwenye inchi 32 ndiyo kabisa: nyingi ni 1366 kwa 768, hata stika ya mbele ikipiga kelele "4K". Mara nyingi maana yake ni kwamba TV inapokea video ya 4K kisha inaipunguza.

Nenda na futi ya fundi cherehani. Inchi hupimwa kona hadi kona ya sehemu inayotoa picha, bila fremu: inchi 43 ni kama sentimita 109, inchi 32 ni kama 81. Muuzaji akinuna, duka la pili liko hatua kumi.

Kisha simama pembeni kabisa mwa TV, karibu na ukuta. Picha ikififia na nyuso zikapauka, hiyo huenda ni paneli (kioo cha picha) ya aina ya VA: nyeusi yake ni nzuri sana ukikaa mbele, lakini shangazi aliyekaa kwenye stuli ya pembeni hataifaidi. Paneli ya IPS, ambayo Hitachi waliileta sokoni mwaka 1996, haibadiliki sana ukiitazama kwa upande, ila nyeusi yake ina ukijivu gizani. Familia kubwa ichukue IPS. Anayeangalia peke yake usiku achukue VA.

Sasa taa zenyewe. Ugonjwa unaojulikana kwa kila fundi ni huu: sauti ipo, picha hakuna. Washa tochi ya simu, imulike kioo kwa upande. Ukiona watu wanatembea kwa mbali kwenye giza, kioo ni kizima, taa ndizo zimekufa. Huwa zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika zinaweza kuzima zote. Inatengenezeka, ila muulize muuzaji kabla hujalipa kama taa za modeli hiyo zinapatikana hapa mjini. Ukifika nyumbani, ingia kwenye menyu ushushe mwanga wa nyuma. TV nyingi hutoka dukani zikiwa zimewashwa kwa nguvu zote ili zivutie wateja, na joto hilo ndilo linalozimaliza.

Dabo glasi? Ni kioo cha ziada mbele ya paneli. Kama una watoto wanaorusha rimoti, ni fedha iliyotumika vizuri. Lakini kinaakisi: nyumba ya mlimani ambayo dirisha lake linatazama ziwa upande wa magharibi, saa 10 jioni utajiangalia mwenyewe badala ya mechi.

2. LED ya AC/DC, inchi 24 au 32

Kwa wa visiwani na mialo isiyofikiwa na umeme, hii inapanda nafasi ya kwanza. Inachomekwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, bila inveta, ambayo nayo hula umeme wake. Piga hesabu kabla hujanunua sola. TV ya wati 40 kwa saa 5 inakula wati-saa 200. Betri ya asidi ya Ah 50 (ampea-saa 50, mara volti 12) ina takriban wati-saa 600, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Usiku mmoja unatosha. Kesho jua lisipotoka, redio.

3. QLED

Rangi zake ni kali kweli. Kati ya taa na kioo kuna tabaka la chembe ndogo mno zinazogeuza mwanga wa bluu kuwa mwekundu na wa kijani safi. Bawendi, Brus na Ekimov walipata Nobeli ya kemia mwaka 2023 kwa kazi ya chembe hizo. Taa za nyuma bado zipo, na ugonjwa wake ni uleule. Nunua yenye waranti inayoheshimiwa hapa Mwanza, au bakia namba moja.

4. Projekta, kwa wenye vibanda umiza

Mechi za saa 4 usiku inapendeza. Mechi ya saa 11 jioni, bati lina matundu na mlango uko wazi, wateja watadai hela yao. Kipimo cha nguvu ya mwanga cha kuuliza ni ANSI lumeni. "Lumeni" tupu za kwenye boksi usizihesabu.

5. OLED

Kila pikseli inawaka yenyewe, hakuna taa za nyuma, na nyeusi yake haina mpinzani. Bei yake ni ya watu wa Capri Point. Pia nembo ya kituo kimoja ikikaa kutwa kwa miezi inaweza kuacha alama ya kudumu, kwa hiyo isiwekwe baa wala saluni.

Plazma (TV bapa za kizazi cha nyuma) iliyotumika usichukue hata kwa bei ya kutupa. Kampuni kubwa ziliacha kuitengeneza kati ya 2013 na 2014, ni nzito, na inakula umeme. Chogo, ile TV ya zamani yenye mgongo mkubwa, mwachie fundi avue vipuri.

Kabla ya kutoka dukani, weka kwenye flashi picha nyeupe tupu, nyekundu tupu na nyeusi tupu, uzitazame moja moja kutafuta nukta zilizokufa, mistari na madoa. Chukua risiti ya EFD, na hakikisha namba ya boksi inalingana na ya mgongoni mwa TV. Kwenye bodaboda au meli ya Nansio, TV isafiri imesimama, isilazwe, kwa sababu waranti nyingi hazihusu kioo kilichopasuka. Radi ikianza kunguruma ziwani, chomoa umeme na waya wa antena pia.