Mozaiki au haft rangi: vigae gani kwa ukuta upi?

Ukarabati wa majengo ya Watimuri na Wasafawi, nasaba za kifalme za zamani, nchini Iran huibua swali hili kila mara. Kwa ubora wa rangi, mozaiki, yaani vipande vya vigae vya rangi moja moja vilivyounganishwa, inashinda bila ubishi. Kila rangi huchomwa peke yake kwa joto linaloifaa, hivyo buluu na feruzi hukolea vilivyo. Fundi hukata vipande kwa nyundo yenye makali, huvisugua kingo kwa tupa ili nyuma viwe vyembamba kuliko mbele, huvipanga uso chini juu ya mchoro, kisha humwaga jasi. Vipande vidogo hufuata vizuri mpindo wa kuba.

Gharama ndiyo kikwazo. Katika haft rangi, yaani rangi saba, kigae kimoja hubeba rangi zote, zikitengwa kwa mstari mweusi wa madini ya manganizi na mafuta, na huchomwa pamoja. Mstari ukikatika, rangi huingiliana. Na kwa kuwa joto ni moja, baadhi hufifia. Lakini kasi yake ni kubwa. Msikiti wa Shah Abbas, Isfahan, ulioanza kujengwa 1611, una mozaiki langoni, na haft rangi kwenye sehemu kubwa iliyobaki.

Kwenye matunzo, kagua maji kwanza: jasi ikilowa hulainika na vipande vya mozaiki hudondoka, ingawa pengo la kipande kimoja huzibwa bila kugusa jirani. Kigae cha haft rangi kikivunjika, unaoanisha rangi zote kwa mkupuo.

Lango linalotazamwa kwa karibu, lenye bajeti na mafundi wazoefu, lipe mozaiki. Kuta ndefu bapa zenye tarehe ya mwisho, haft rangi inatosha.